Handbreki ya Nyuma Isiyoshika: Anzia Kwenye Tairi, Malizia Kwenye Mpini

Gari nyingi za zamani zinazotembea Unguja na Pemba, ziwe Corolla, Escudo, Noah au Suzuki Carry za mizigo, zina handbreki ya waya inayofunga tairi mbili za nyuma. Dereva anapovuta mpini, fimbo iliyo chini yake huvuta kipande kidogo cha chuma cha kusawazisha, kipande hicho hugawa nguvu kwenye kebo mbili, na kila kebo huvuta mkono mdogo ulio ndani ya dramu, yaani lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Mkono huo huzitanua shuu za breki, vile vipande viwili vilivyopinda, zikabane ukuta wa dramu. Mafuta ya breki hayahusiki kabisa katika njia hiyo. Kwa kuwa njia yenyewe ni fupi, watu wengi wameshika imani kwamba kila kasoro ya handbreki inatibika kwa kukaza nati iliyo kwenye mpini, na imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga hapa, dalili kwa dalili.

Msimu mmoja wa karafuu nililetewa Corolla ya mwalimu wa skuli anayekaa Mtambile, Pemba, ambaye alikuwa akiweka jiwe chini ya tairi kila alipoegesha Mkoani kusubiri wageni wa boti. Anayeujua mji wa Mkoani anajua namna barabara inavyoteremka kuelekea bandarini. Mpini wa gari ile ulipanda hadi ukakaribia kusimama wima, na gari bado iliteleza.

"Fundi, nati nimeshaikaza mpaka uzi umekwisha," aliniambia. "Sasa naona dawa yake ni kebo mpya tu."

"Mwalimu, usinunue kitu bado," nilimjibu. "Tufungue tairi kwanza."

Tulipovua dramu ya kushoto tulikuta shuu zina unene wa kutosha, karibu milimita 3, lakini zimekaa mbali na ukuta wa dramu. Ajasta, yaani kile kijiti chenye gurudumu la meno kinachotakiwa kujizungusha kidogo kidogo ili kufidia shuu zinavyolika, kilikuwa kimeshikana kwa kutu na uzi wake kama kwamba vilizaliwa chuma kimoja. Na ule mkono mdogo wa ndani, ambao mpini ukishushwa unatakiwa urudi hadi uguse kituo chake, ulikuwa umevutwa mbele na haukuweza kurudi, kwa sababu ya nati iliyokazwa kule mbele. Katika gari za namna ile, ajasta hutegemea mwendo kamili wa mkono huo ili iruke jino moja, na mkono usiporudi nyuma jino haliruki. Kwa hiyo kila mara mwalimu alipokaza nati, alipata nafuu ya wiki mbili tatu huku akiizuia ajasta isifanye kazi yake, na shuu zikazidi kuachwa mbali. Kebo zake zilikuwa nzima.

Kabla ya kugusa chochote

Gari iwe kwenye uwanja ulio sawa na mgumu, tairi za mbele ziwekewe kabari za mbao mbele na nyuma, na baada ya kuinuliwa kwa jeki ikalishwe juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia tu. Wengi wetu tunafanya kazi hizi kwenye uwanja wa mchanga chini ya mwembe, na mchanga hunywa jeki. Weka ubao mpana chini yake.

La pili ni vumbi. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Naumia kila ninapoona kijana wa gereji akipuliza dramu kwa kompresa uso wake ukiwa hapo hapo. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho ukitupe kikiwa bado kimelowa.

Pima kabla ya kufungua

Vuta mpini kwa nguvu ya kawaida huku ukihesabu milio ya meno yake. Vitabu vingi vya Toyota hutaka mpini uvutwe kwa nguvu ya kilo 20 na kutaja idadi ya milio inayokubalika, na katika gari ndogo nyingi idadi hiyo huwa kati ya 5 na 8. Kitabu cha gari yako kikitaja nyingine, fuata hicho. Andika idadi uliyoipata, maana ndiyo utakayoilinganisha na matokeo ya mwisho.

Kisha inua tairi zote mbili za nyuma, weka gia nyutro, na mtu mmoja avute mpini mlio mmoja mmoja huku wewe ukizungusha kila tairi kwa mkono. Tairi zenye afya huanza kuwa nzito pamoja, na hufunga pamoja. Moja ikitangulia sana, au ikifunga peke yake, umeshajua upande wa kuufungua. Mpini ukiwa chini kabisa, tairi zote zizunguke bila kushikwa. Mkwaruzo mdogo wa shuu unavumilika, uzito hauvumiliki.

Mpini unapanda sana

Hii ndiyo dalili inayokuja mara nyingi, na kisa cha mwalimu kimeshaonyesha sababu yake kuu. Sababu nyingine ni shuu zilizokwisha, dramu iliyolika hadi ikawa pana, na kebo iliyonyooka kwa umri. Zikague kwa mpangilio huo huo.

Dramu ikikataa kutoka usiipige kwa hasira. Gari nyingi za Toyota na Suzuki zina matundu mawili yenye uzi kwenye uso wa dramu, na ukiingiza boliti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, robo mzunguko huku na robo mzunguko kule, dramu husukumwa nje yenyewe. Ikiwa ukingo wa ndani umejenga ngazi ya kutu inayozikamata shuu, ingiza bisibisi bapa kupitia tundu la sahani ya nyuma, ile ya chuma isiyozunguka inayobeba shuu, inua ulimi wa ajasta, na urudishe gurudumu la meno mpaka shuu zisinyae.

Ukishaifungua, pima. Kwa gari nyingi ndogo za Toyota lainingi, yaani lile tabaka la msuguano lililogandishwa juu ya shuu, ikishuka hadi milimita 1 imekwisha. Upana wa mwisho wa dramu huwa umechorwa kwenye dramu yenyewe. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina dramu ya milimita 200 ambayo haitakiwi kupita 201. Dramu iliyopita hapo haitengenezeki kwa shuu mpya.

Ajasta ivuliwe, isuguliwe kwa brashi ya waya, izungushwe mpaka iende kwa vidole viwili bila kukwama, kisha ipakwe grisi nyepesi ya kustahimili joto kwenye uzi wake. Grisi hiyo hiyo, kiasi cha kucha, ipakwe kwenye vile vinundu vya sahani ya nyuma ambavyo kingo za shuu huteleza juu yake. Usichanganye ajasta ya kushoto na ya kulia, kwa kuwa nyuzi zake zimegeuzwa, na ukizibadilisha kila mwendo utazirudisha shuu ndani badala ya kuzitoa nje. Ndiyo sababu ninafungua upande mmoja kwa wakati, nikiacha wa pili mzima uwe kielelezo cha namna springi zilivyokaa.

Mpini uko sawa, gari inateleza

Milio ikiwa 6 au 7, mkono ukasikia mpini umekamata barabara, na gari bado ikashuka mlima, tatizo liko kwenye msuguano. Shuu zimelowa mafuta, au uso wake umekuwa mgumu na unang'aa kama kigae.

Mafuta yana vyanzo viwili, na kidole kinatosha kuvitofautisha. Mafuta ya breki ni mepesi na huoshwa na maji. Hutoka kwenye silinda ya tairi, ile silinda ndogo iliyo juu ya shuu. Inua kidogo kifuniko chake cha mpira, na ukikuta umajimaji ndani yake, silinda hiyo imekwisha hata kama hakuna tone linaloonekana nje. Oili ya difu, yaani ya gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, ni nzito na ina harufu kali ya kuchefua. Hutoka kwenye sili ya ekseli, na utaikuta kwenye gari zinazosukumwa na tairi za nyuma, mfano Hiace na Escudo. Kabla ya kuilaumu sili, tafuta tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli, kwa sababu likizibwa na tope, joto la mwendo hujenga presha ndani na oili husukumwa nje kupitia sili yoyote utakayoweka, mpya au kuukuu.

Hapa visiwani silinda hizo hufa mapema kuliko watu wanavyotarajia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, ukizidi masika. Maji hayo hula ukuta wa silinda kwa ndani, kisha mpira hupita juu ya mashimo ya kutu na kuchanika. Unyevu huo pia huyafanya mafuta yachemke mapema: mafuta ya DOT 3 yakiwa makavu hustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni gharama ndogo.

Shuu zilizolowa zisisafishwe. Najua desturi ya kuzimwagia petroli na kuzichoma moto hadi mafuta yakauke, na najua hufanywa kwa nia ya kumwokolea mteja pesa, lakini moto huo huikausha gundi inayoishika lainingi, na mafuta yaliyozama ndani hurudi juu mara breki ikipata joto. Badilisha shuu za pande zote mbili kwa pamoja, baada ya kuziba uvujaji. Zile zilizong'aa tu bila mafuta unaweza kuzisugua kwa msasa wa wastani, zikiwa zimelowa, hadi rangi yake ifubae sawasawa.

Upande mmoja unashika, mwingine haushiki

Kwanza fungua upande dhaifu, kwa kuwa huenda ukakuta ajasta iliyoganda au shuu zenye mafuta. Ukiona ndani kuko salama, lala chini ya gari uangalie kipande cha kusawazisha wakati mwenzako anavuta mpini. Kipande hicho kinatakiwa kuyumba kidogo hadi nguvu ilingane pande mbili. Kikiwa kimeganda kwa kutu na matope, kebo moja hupokea nguvu yote. Kisugue, kipake grisi, na kiyumbe kwa mkono. Kama kinayumba lakini kebo moja haisogei ndani ya ganda lake, kebo hiyo ndiyo mgonjwa.

Handbreki haiachii

Kwa gari za kisiwani naiona dalili hii kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu dereva anaweza kutembea nayo siku nyingi bila kujua. Gari huwa nzito kuondoka, hunywa mafuta, na ukishuka baada ya mwendo unasikia harufu ya kuungua. Tembea kilomita 10 ukitumia breki ya mguu kwa uchache, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu inayotoa joto la kupita wenzake ndiyo inayoburuza.

Sasa yapo mambo mawili ya kutenganisha: je, ni kebo iliyokwama, au ni shuu zilizoganda ndani? Shusha mpini, inua gari, na ulegeze nati ya mpini mpaka kebo zilale bila mvuto. Tairi ikibaki imefungwa, nenda nyuma ya sahani na uusukume kwa bisibisi ule mkono mdogo unaoingia ndani ya dramu, kuelekea nyuma unakotakiwa kupumzika. Ukirudi na tairi ikaachia, kebo ilikuwa imeukamata. Mkono ukiwa tayari umepumzika na tairi bado haizunguki, tatizo liko ndani: shuu zimeng'ang'ania dramu, springi za kurudisha zimechoka, au mhimili wa mkono umekula kutu.

Kebo huoza pale ganda lake linapochanika, na zaidi kwenye pindo la chini kabisa ambako maji hutuama. Gari inayopita ufukweni Nungwi au Paje hubeba mchanga wenye chumvi katika pindo hilo, na inayooshwa kwa maji ya kisima cha mwambao yenye chumvi haiponi pia. Kuimiminia kebo oili kutoka juu huipa uhai wa mwezi mmoja au miwili, nami nimefanya hivyo pale mteja alipokuwa akisubiri kebo ifike kutoka Dar es Salaam, ila nilimwambia wazi kwamba ile ni subira. Waya ulioanza kuvimba kwa kutu hauponi. Nunua kebo mbili, kwani ya pili imekula chumvi ile ile kwa miaka ile ile.

Shuu kuganda kwenye dramu hutokea gari ikioshwa au ikipigwa na mvua, kisha ikaegeshwa kwa siku kadhaa handbreki ikiwa juu. Mwenye kuondoka kwenda Unguja wiki nzima akaiacha gari Wete hukuta tairi haitembei. Usiilazimishe kwa injini, kwa maana lainingi inaweza kubanduka kutoka kwenye shuu na kubaki imenata ndani ya dramu. Jaribu kwa upole gia namba moja, kisha rivasi. Ikikataa, gonga mzunguko wa dramu kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha mti katikati. Na gari inayolala siku nyingi iegeshwe mahali palipo sawa, iwekwe gia na kabari, handbreki ikiwa chini. Baada ya kuosha gari, tembea kidogo na ukanyage breki mara tatu nne ili dramu zikauke.

Dalili ndogo

Mpini usiokaa juu, unaoteleza chini ukiuachia, umelika meno au springi ya kijino chake imekufa. Haukarabatiwi kwa tupa, unabadilishwa. Mpini uliokuwa mwepesi ghafla bila ukinzani wowote maana yake kebo imekatika au imechomoka. Taa ya handbreki inayowaka mpini ukiwa chini inaweza kuwa swichi tu, lakini katika gari nyingi taa hiyo hiyo huonya kuwa mafuta ya breki yamepungua, kwa hiyo fungua boneti uangalie chupa kabla ya kuchomoa waya wa swichi.

Gari zenye diski nyuma

Zipo za aina mbili. Katika aina ya kwanza, katikati ya diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake za handbreki tu. Toyota za namna hii hurekebishwa kwa kutanua shuu hadi diski isizunguke, kisha kurudisha ajasta meno 8. Katika aina ya pili handbreki hufanya kazi ndani ya kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski kwa pedi, na pistoni yake wakati wa kuweka pedi mpya hurudishwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Anayeisukuma kwa koleo au jeki ndogo ataivunja mashine ya ndani na kununua kalipa nzima.

Kurekebisha, na kujaribu

Legeza nati ya mpini kabisa. Rudisha dramu, tanua ajasta ya kila upande mpaka tairi ishikike, kisha irudishe hadi tairi izunguke kwa mkwaruzo mdogo. Kanyaga breki ya mguu mara kadhaa ili shuu zijipange katikati, na urudie kupima. Hapo tu ndipo unapokwenda kwenye mpini na kukaza nati hadi upate milio inayotakiwa. Mpini ukiwa chini, hakikisha mkono wa ndani wa kila tairi umerudi kwenye kituo chake.

Shuu mpya za handbreki kwenye gari zenye dramu ndogo ndani ya diski huhitaji kusuguana kwanza. Toyota huelekeza kutembea kwa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kavu, salama na iliyo sawa, kidole kikibonyeza kitufe cha mpini muda wote, ukiuvuta kwa nguvu ya kilo 9 kwa mita 400 hivi, na kurudia mara mbili au tatu ukiipumzisha breki katikati. Chagua saa ambayo barabara haina watu.

Jaribio la mwisho lifanyike mlimani, gari ikitazama juu kisha ikitazama chini, mguu ukiwa karibu na breki na mtu wa pili akiwa tayari na kabari. Gari ya otomatiki ijaribiwe ikiwa nyutro. Ikiwa kwenye P, kijino cha gia ndicho kinachobeba gari na hutajua hali ya handbreki. Kebo mpya hunyooka kidogo, hivyo hesabu milio tena baada ya wiki moja. Corolla ya mwalimu tuliijaribu kwenye mteremko ule ule wa Mkoani, ikasimama bila jiwe. Milio yake ilikuwa 14 siku aliyoileta. Siku aliyoichukua ilikuwa 6, na mbele ya nati kulibaki uzi mrefu ambao haujaguswa.